Mama Tangi: Kutoka Usukani wa Maziwa hadi Ghala la Mvinyo

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu alikuwa dada yangu wa pekee. Wengi wenu mlimwita Mama Tangi. Aliniagiza wasifu wake uwe mfupi kwa sababu, kwa maneno yake, "mwalimu akishika karatasi watu husinzia." Nitajitahidi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama alisimulia kwamba alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Sauti hiyo hakuipunguza hata ukubwani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, akiwa wa tatu darasani. Wazazi walikuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari mtoto mmoja tu. Dada akasema, "Mpelekeni huyu mdogo, mimi mikono yangu inanitosha." Huyo mdogo ndiye anayewasomea sasa, na kwa nafasi ile amefundisha kemia miaka thelathini na minne.

Mwaka 1973 aliajiriwa pale kituoni kunusa maziwa kabla hayajapokelewa. Wafugaji walimwogopa. Alikuwa akifunua ndoo, anainusa mara moja, kisha anasema, "Baba, hii ni ya jana, na ng'ombe wako amekula vitunguu." Hakukosea. Mwaka 1981 alipata leseni na kukabidhiwa lori la tangi, mwanamke wa kwanza kuliendesha pale.

Lori hilo ndilo lililomletea mume. Fundi makenika wa karakana alianza kugundua hitilafu kila wiki, hata zisizokuwepo. Shemeji yupo hapa, akatae kama anaweza. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti na mwana.

Sasa nije kwenye mvinyo. Februari 1989 lori lake lilikodiwa kubeba lita elfu sita za juisi ya zabibu, kutoka shamba ilikokamuliwa hadi kiwanda cha mvinyo. Dada akafunga kifuniko kama alivyozoea kufunga maziwa, kikakaza barabara. Njiani mafuriko yakafunga daraja, na hapo kitumbua kikaingia mchanga. Siku ya pili juisi ikaanza kuchachuka, tangi likaanza kunguruma. Alipopanda na kulegeza kifuniko, povu lilimrukia toka kichwani hadi viatuni. Mwingine angekimbia. Yeye alikaa na tangi lile siku tatu, akiachia hewa kidogo kidogo na kulifunika magunia yaliyoloweshwa maji.

Alipofika, mzee mwenye kiwanda alikuja amefura kwa hasira. Akachota kikombe, akaonja, akachota kingine.

"Nani alikaa na huu mzigo?"

"Mimi, baba."

"Ulifanyaje?"

"Mzigo ulipolalamika niliupa nafasi ya kupumua. Ulipopata joto nikaumwagia maji."

"Nani alikufundisha?"

"Baba, hata mtoto mwenye homa si hivyo hivyo?"

Mwezi uliofuata alianza kazi kwenye ghala la mapipa, akisafisha. Baada ya miaka sita, hakuna pipa lililofungwa bila pua yake kuliidhinisha.

Mwaka 2003 mzee alistaafu, na mwanawe aliyerithi kiwanda akataka kila fundi mvinyo awe na cheti. Asiye nacho katika miaka miwili angetoka ghalani. Dada alikuwa na miaka arobaini na mitano na cheti cha darasa la saba. Alikuja kwangu kuomba nimfundishe kemia ya mtihani, saa chache kila Jumamosi. Nilimwambia, "Dada, kemia si kupika uji. Rudi kwenye usukani, usije ukaaibika bure." Alimaliza chai yake, akaniaga vizuri, akaenda.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alijiandikisha masomo ya Jumamosi, akakaa dawati moja na vijana waliomwita bibi. Binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyemhoji fomula huku wakiosha vyombo. Mtihani wa kwanza alianguka. Swali liliuliza utajuaje kwamba mvinyo umemaliza kuchachuka, naye akajibu, "Weka sikio kwenye pipa. Likinyamaza, tayari." Wakampa sifuri. Mwaka uliofuata aliandika vipimo vyote kama kitabu kinavyotaka, kisha chini akaongeza, "Lakini hata sikio linatosha." Novemba 2005 alipata cheti, na ghala likabaki lake hadi alipostaafu mwaka 2021.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Wodini alinusa dawa ya kikombe, akamwambia muuguzi, "Mwanangu, hii imekaa kwenye plastiki muda mrefu." Muuguzi alicheka hadi akaketi. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2023, nyumbani kwake, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu wanne, na wafanyakazi wa ghalani ambao hadi leo wananusa kwanza na kupima baadaye. Ameacha pia mdogo wake. Alipofaulu nilimpigia simu, nikampongeza kwa maneno mengi, ila neno lililotakiwa sikulitoa. Alinipa shule yake, nami nikamnyima saa chache za Jumamosi. Miaka kumi na minane alinikaribisha mezani kwake, asiligusie jambo hilo hata mara moja, nami nikajifanya nimesahau.

Dada, nilikosea. Nisamehe. Mungu akupe pumziko jema.