Aliyevaa Kichwa cha Fahali

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Am Dechen, chini ya ngome ya Trongsa, na siku za tamasha halikaliki kwa kelele. Mimi ndiye atsara, mchekeshaji wa kinyago chekundu. Kazi yangu ni kumcheka kila mtu, awe mtawa, awe tajiri. Tulikuwa tunakunywa chai ya siagi tukingoja ngoma ya hukumu ya wafu. Hiyo hakuna anayetaka kuikosa: ukishamwona Fahali, mtumishi wa hakimu wa wafu, akicheza uwanjani, siku ukifa ukikutana naye njiani hutaogopa. Ap Kinzang, mzee anayekivaa kichwa cha Fahali, alikuwa pembeni na kinyago chake mapajani, anatafuna tambuu.

Itzel, mgeni wa Meksiko, akaja mbio, kamera shingoni.

— Jamani, nina raha mpaka natetemeka! Lakini nikimtazama kwa kamera, itahesabika?

— Haihesabiki! akaruka Redio wa benchi letu, mwenye mdomo usiozimika. — Kamera ndiyo itakayopita salama. Wewe utabaki unakimbia.

— Acha uongo, akasema Pilipili, mbishani wake wa kila siku. — Kamera ni bora. Inamsogeza mpaka unamhesabu meno.

— Kwani kamera inakufa? akauliza Redio.

— Ya binamu yangu imekufa Jumanne!

— Na mwenye miwani je? nikachokoza. — Redio, miwani yako itaokoka, wewe tutakusikia unapiga mayowe.

Am Dechen alicheka hadi akamwaga chai.

— Tena mwaka jana Redio huyu alisinzia katikati ya ngoma!

— Nilimwona na ndotoni! Hiyo ni mara mbili!

Itzel akamgeukia Kinzang.

— Na wewe, Ap? Ulimwona lini?

Kinzang akaacha kutafuna.

— Kichwa nakijua, nakifuta vumbi kila mwaka, akasema polepole. — Lakini Fahali mwenyewe akicheza, sijawahi kumwona. Ujanani nilikuwa mbali milimani na mifugo, na sasa miaka ishirini na miwili nimo ndani yake. Na juzi daktari kanipima moyo, hakunificha kitu. Naogopa, jamani.

Tarumbeta ya kwanza ikalia ngomeni.

Mtawa asingethubutu. Lakini mimi atsara, nani atanikemea? Nikanyakua kile kichwa, nikakivaa, nikarukia katikati ya barabara, pembe juu, nazunguka kwa mguu mmoja kama nilivyomwona yeye akizunguka tangu utoto wangu. Nilijawa furaha na woga kwa pamoja. Kupitia mdomo wa Fahali nikamwona Kinzang amesimama, viganja pamoja, machozi yanamtiririka, anacheka.

— Ndiye huyo?

— Ndiye, Ap.

— Anapendeza, bwana! Basi sitamkimbia. Haya vua, wananisubiri.