Alama Kumi na Moja za Darasa la Mwalimu Bakhita

Mheshimiwa Bi. Khamala, mwenyekiti wa Baraza la Mwanzo Imara na mgeni wetu wa heshima. Wataalamu mliosafiri kutoka mabara matatu, na ninyi mnaotutazama kupitia kioo kile cha ukutani kutoka bara la nne. Wazee wa kijiji cha Raila, hapa Kibera. Maimamu na wachungaji. Na walimu wa chekechea wa Kibera na Kawangware ambao mmesimama nyuma: hamjambo nyote. Itifaki, kama mnavyoona, imezingatiwa hadi pale viti vilipokwisha.

Walimu wameniomba niseme kwa niaba yao. Wangeweza kusema wenyewe, tena vizuri kuliko mimi, lakini mimi ni mwandishi wa gazeti. Baraza halilipi kodi ya chumba changu wala halileti unga wa uji mlangoni kwangu. Nikikosea leo, hakuna darasa litakalofungwa kwa sababu yangu.

Tumekuja kufungua Kituo cha Nyenzo za Walimu. Nimekizunguka tangu asubuhi na naweza kuthibitisha kwamba ni kizuri. Sakafu ni ya vigae. Makabati ni ya vioo, na kila moja lina kufuli. Nilimuuliza mlinzi, Bwana Kavoi, funguo ziko kwa nani, akanijibu kwa adabu kwamba ziko ofisini mjini, ili vitu visiharibike. Mwalimu akitaka kuazima kitu atajaza fomu siku kumi na nne mapema. Nani atalaumu utaratibu huo? Sote tunajua jinsi mtoto wa miaka minne alivyo hatari kwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Katika kabati la pili kuna mfuko wa vifungo vya mbao. Maelezo yake, kwa lugha tano, yanasema vinamsaidia mtoto kupanga, kuhesabu na kulinganisha. Nawapongeza wataalamu kwa ugunduzi huo. Mwalimu Bakhita, ambaye darasa lake liko hatua mia mbili hivi kutoka hapa, amefundisha kwa vifungo kwa miaka kumi na saba. Huvipata kwa mafundi wa cherehani wa Soko la Toi, wanaorekebisha mashati ya mitumba na kumwekea vinavyobaki kwenye mikebe. Watoto wake huvipanga kwa rangi, kwa ukubwa na kwa idadi ya matundu. Wale wakorofi huvipanga kwa kukisia mwenye shati alikuwa mtu wa namna gani.

Mwezi uliopita mkaguzi wa Baraza, Bwana Timothy, kijana makini sana, aliingia katika darasa hilo. Akaitazama mikebe, akaitafuta katika orodha yake, hakuiona. Akaandika: “Hakuna nyenzo.” Simlaumu. Orodha ilimfikia ikiwa imeshakamilika.

Siku hiyo nilikuwepo, nimekaa pembeni na daftari langu. Baraza limeazima kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, ili mtoto wa kijiji cha Raila alinganishwe na mtoto yeyote duniani. Ni nia njema. Nani kati yetu hataki mwanawe alinganishwe? Swali la kwanza lilisema: taja vitu viwili vinavyopatikana jikoni. Malika, mwenye miaka mitano, alifikiri kisha akasema, “Makaa na kitanda.”

Timothy alimrudia swali polepole, kama hakimu anayempa mshtakiwa nafasi ya pili. Malika alimwonea huruma.

“Kitanda ya chini,” akamfafanulia. “Mchana jiko inakaa hapo chini yake, ndio tupate pa kupitia.”

Sifuri. Maji hutoka wapi? Kwa Mama Faisal, likajibu darasa zima kwa sauti moja, na mtoto mmoja aitwaye Derrick akaongeza kwamba leo kwa Mama Faisal hakuna, labda ajaribu kwa Umar. Sifuri tena, ingawa baadaye nilikwenda kwenye kibanda chake cha maji kuhakikisha na kweli Mama Faisal hakuwa na maji. Kisha ikatolewa kadi yenye picha ya mtoto aliyevaa glavu, akiviringisha bonge kubwa jeupe katika uwanja mweupe. Mtoto huyu anafanya nini? Derrick aliinamia kadi ile kwa muda mrefu.

“Anasonga ugali ya matanga.”

Timothy, ambaye kufikia hapo alikuwa ameanza kuvutiwa nje ya utaratibu, aliuliza kwa nini ya matanga.

“Ni mingi. Na hakuna mtu anacheka.”

Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo. Darasa likapata alama kumi na moja kati ya thelathini.

Sasa tuangalie mafanikio, maana hii ni sherehe. Darasa la Mwalimu Mbithi, Kawangware, karibu na mpaka wa Riruta, lilipata alama ishirini na nane. Watoto wake walijua theluji. Walijua jikoni kuna jokofu na oveni. Maji, walisema, hutoka ziwani kwa mabomba ya chini ya ardhi. Leo, kabla ya chakula, Mwalimu Mbithi ameratibiwa kupokea cheti cha Darasa la Mfano. Mwalimu Bakhita naye alipokea barua. Aya ya kwanza ilimwelekeza aende Kawangware akajifunze kwa mwenzake. Aya ya pili ilimwarifu kwamba Baraza litaacha kulisaidia darasa lake mwisho wa mwezi huu, na watoto wake arobaini na watatu watahamia darasa lililo karibu. Darasa hilo ni la karibu kwenye ramani. Kwa miguu, mtoto atavuka reli na mto.

Naomba hapa niache mzaha kidogo. Nelima, mamake Derrick, hufua nguo katika nyumba za watu upande wa Lavington. Huondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu Bakhita hufungua mlango saa kumi na moja na nusu, saa ambayo haimo katika mwongozo wowote wa malezi, kwa sababu ndiyo saa ambayo akina mama huondoka. Kabla ya kupata nafasi pale, Nelima alikuwa akimfungia mwanawe ndani kwa kufuli kutwa nzima, na kikombe cha uji. Ameniambia mwisho wa mwezi ukifika atamfungia tena. Hakulia aliponiambia. Aliniuliza tu kama najua mahali wanapouza kufuli ambayo jirani anaweza kuvunja haraka moto ukizuka.

Mwalimu Bakhita ni mtu wa kutii barua, kwa hiyo alikwenda Kawangware na daftari. Alikaa nyuma ya darasa akaandika kila kitu, mpaka Mwalimu Mbithi alipokuja kukaa karibu naye.

“Mwalimu, usiandike hiyo,” akamwambia.

Alimweleza. Ukaguzi wa Baraza ulipangwa kuanzia kwake. Mvua ikanyesha, ukaahirishwa, na Timothy akamwachia sanduku la kadi lisilowe. Lilikaa kwake wiki mbili. Alipojua kwamba kadi hizo ndizo mtihani, na kwamba darasa likianguka linafungwa, alifanya alichoona ni cha kumlinda mtoto: aliwakaririsha yote, picha baada ya picha, asubuhi na mchana.

“Mimi mwenyewe theluji sijaishika,” akasema. “Ya Mlima Kenya naionaga kwa kalenda.”

Mwalimu Bakhita alifunga daftari. Hakumsema. Alimuuliza kama ana mkebe mtupu, na Jumamosi iliyofuata wakaonekana wote wawili Soko la Toi, wakizunguka kwa mafundi. Kama Baraza linatafuta ushahidi kwamba ziara za kubadilishana ujuzi huzaa matunda, upo.

Wataalamu wetu wametufundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Walimu hawa walifundishwa hilo kwa siku mbili, wakiwa wamekaa kimya kwenye viti, na waliokaa hadi mwisho walipewa kalamu. Sina shaka kwamba ulimwengu una mengi ya kutupa. Ninachouliza ni kama una nafasi ya kupokea. Jibu la Malika halikuwa kosa. Lilikuwa taarifa sahihi kuhusu chumba cha futi kumi kwa kumi, na hakuna mtaalamu katika ukumbi huu aliyewahi kuiandika vizuri hivyo kwa maneno matatu.

Mwalimu Mbithi amesimama pale, karibu na nguzo. Ameniruhusu nimtaje. Amenipa pia barua, kwa mwandiko wake, inayosema kwamba hatapokea cheti, na kwamba alama za darasa lake zifutwe kwa sababu si za watoto, ni za kadi. Anajua barua hii inaweza kumpokonya darasa. Mheshimiwa, naikabidhi kwako mbele ya watu hawa wote, ili isije ikahitaji kujaziwa fomu.

Najua uamuzi wa kulifunga darasa la Raila umeandikwa lakini wewe hujautia sahihi. Mtaona pia kwamba katika ufunguzi huu wa kituo cha watoto hakuna mtoto hata mmoja, na Mwalimu Bakhita mwenyewe hayupo. Kadi ya mwaliko aliipata. Ni saa tano asubuhi, siku ya kazi, na angekuja angewaacha watoto arobaini na watatu na nani? Lakini ametuma ujumbe, nami nausoma kama alivyouandika:

“Mwambie Mheshimiwa mlango uko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Si lazima avue viatu. Aulize watoto swali lolote analotaka, bora akae chini mpaka wamalize kumjibu.”

Sina la kuongeza juu ya hapo. Kwa uvumilivu wenu, ninyi mliokaa na hasa ninyi mliosimama, nashukuru sana. Mheshimiwa, ukitoka getini, shika kushoto.