Lengalenga za Siku ya Ishirini na Moja

Miaka ishirini na miwili! Tarehe 31 Desemba 2003, Mama Mwavita binti Khaled atatundika jembe lake katika bustani ya kituo chetu cha lishe, Kinanira, na kustaafu. Sisi wa jikoni tumeshanuna.

Aliajiriwa mwaka 1981 kupalilia tu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anatuamrisha sote. Lengalenga, mchicha wetu, zilikatwa siku ya ishirini na moja tangu kupandwa, asubuhi na umande wake, kwa kisu, vidole vinne juu ya udongo ili zichipue tena. Aliyeng'oa na mizizi alipewa jembe apande upya, hata Daktari Zénon wa kituo. Miaka yote ya vita aliwahi bustanini mara tu kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, ilipoisha, mumewe Sulemani nyuma na vikapu. Tuliwatania: bibi bosi, bwana hamali.

Julai mwaka huu waliokimbia makwao walijaa kituoni. Mimi Consolée, mpishi mkuu, niliona mboga hazitoshi sufuriani, nikamwomba aache lengalenga wiki moja zaidi, kilo ziongezeke. Akanijibu: “Apana, Consolée. Kilo utapata, lakini jani likikomaa linakuwa na nyuzi, nguvu yake inapungua, na mutoto mugonjwa analitema.” Niling'ang'ania. Mkurugenzi akanisikiliza mimi.

Siku ya ishirini na tano mabomu yakaanza kuanguka upande wetu. Siku tano hakuna aliyetoka. Ya sita, milio ilipopungua, Sulemani alitangulia kukata chochote kilichobaki, kwa ajili ya watoto. Hakurudi. Tulimkuta amekufa kati ya matuta, lengalenga zimeshatoa maua. Tungekata siku aliyotaka mkewe, asingekuwa na la kufuata pale. Kosa ni langu, na jamani, linaniuma hadi leo.

Akiwa ndani ya eda, Mama Mwavita alituma neno: zilizotoa maua zisifyekwe, mbegu zihifadhiwe. Mwishoni mwa Novemba alirudi. Sikuweza kumtazama usoni. Hakunilaumu, alinikabidhi kisu chake, akaenda kutengeneza matuta.

Mbegu zile alizipanda tarehe 10 Desemba. Zinatimiza siku ishirini na moja siku hiyohiyo anayoagwa.

Asante, Mama yetu, kwa kila mtoto uliyemlisha. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na mtaa usio na milio. Asubuhi hiyo, kabla ya hotuba na fanta, njoo bustanini. Kisu ninacho mimi, na safari hii sitangoja.