Hezekiah Kipkurui Chepyegon na Vaisi Alizozitengeneza Mwenyewe

Hezekiah Kipkurui Chepyegon alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 karibu na Kapsoit, mtoto wa tatu wa wakulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa. Wengi waliofika leo walimjua kama fundi wa magitaa. Wengine walisikia pia neno lingine juu yake, na familia haitalipita kimya siku ya kumzika.

Alisoma shule ya msingi nyumbani hadi 1972, kisha akajifunza useremala katika chuo cha ufundi Kericho. Mwalimu wake aliandika katika ripoti kwamba Hezekiah huchelewa kumaliza kazi kwa sababu hupiga msasa hata upande usioonekana. Ripoti hiyo aliwasomea wageni maisha yake yote, kana kwamba alikuwa amesifiwa.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Edinah, mwalimu wa shule ya msingi. Walijaliwa watoto wawili, Nelvine na Johana.

Tangu 1980 alikuwa seremala katika kiwanda cha majani chai. Mwaka 1991 mfanyakazi mwenzake, Kepher, mpiga gitaa wa kwaya, alimletea gitaa lenye ufa. Hezekiah alilibana kwenye vaisi ya chuma aliyoazima, kile kifaa cha skrubu cha kushikia kazi kwenye benchi, na ufa ukaongezeka. Aliona haya, akaahidi kumtengenezea jipya. Lakini kwanza alitengeneza vaisi yake ya benchi: taya mbili za mkaratusi, moja ikizunguka kufuata mpindo wa gitaa, skrubu ya jeki kuukuu ya trekta, na vipande vya gamboti, viatu vya mpira, ndani ya taya ili mbao isichubuke. Gitaa la Kepher lilikuwa la kwanza kati ya hamsini na manane.

Juni 2003 vaisi ya kiwanda ilipotea. Weldon, mtunza ghala, alifika nyumbani na mzee wa kijiji.

"Hezekiah, hatukuja kwa ubaya. Lakini watu wanasema uko na vaisi."

"Ni kweli, niko nayo. Ingieni muione."

Weldon aliuzungusha mpini, akacheka. "Kumbe ni mbao! Hii itashika nini, bwana? Hata nati itaidharau."

"Nati hazijawahi kunitembelea," alisema Hezekiah. "Mimi hupokea magitaa."

Mzee wa kijiji alicheka hadi akashika benchi. Wakanywa chai, wakaenda. Miezi miwili baadaye vaisi ya kiwanda ilipatikana chini ya magunia, ghalani. Waliosambaza uvumi wa wizi hawakurudi kuufuta, na hadi mwaka jana ungeusikia sokoni.

Jioni ya siku aliyokuja Weldon, Edinah alimwuliza mumewe: "Baba Nelvine, niambie mimi peke yangu. Ile skrubu uliitoa wapi?"

Jumamosi iliyofuata Hezekiah alimwomba waende pamoja Chepseon, kwa muuza vyuma vikuukuu.

"Fundi! Leo umekuja na mama?" muuzaji aliita kwa mbali. "Ile skrubu ya jeki niliyokuuzia bado inazunguka?"

"Inazunguka. Mama atanichagulia ya pili."

Edinah alichagua akiwa ameinamisha kichwa. Wiki hiyo walitengeneza vaisi ya pili pamoja, na mpira wake aliukata yeye kwenye gamboti zake za kuchumia majani chai. Hakuomba msamaha. Alijiambia kwamba gamboti zilitosha.

Mwaka 2022 Hezekiah aliugua figo. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitalini Kericho, na siku nyingine aliketi kando ya benchi, Edinah akikaza skrubu kwa niaba yake.

"Polepole, mwalimu. Mbao ikilia, umepita kiasi."

"Mwanafunzi wako ana miaka sitini na nne, fundi. Mvumilie."

Siku hizo Edinah alitaka kulizungumza lile swali. Kila alipofungua kinywa, aliishia kuuliza kama chai iongezwe sukari. Hezekiah alifariki saa nne asubuhi, tarehe 6 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Edinah, watoto, Nelvine na Johana, wajukuu watano, na dada mmoja.

Edinah ameomba haya yasomwe mbele ya majirani wote. Hezekiah hakuchukua kitu cha mtu. Mkewe, aliyemjua kuliko yeyote, alimwuliza swali ambalo hakustahili kuulizwa, na amechelewa miaka ishirini na miwili kulifuta. Analifuta leo. Nisamehe, Baba Nelvine. Mungu akupe pumziko la amani.