Chumba cha Nyuma ya Jiko

KHAIRIL: Haloo? Nani huyo?

ROSNITA: Assalamu alaikum. Naongea na Bwana Khairil, mwenye fleti ya ghorofa ya kumi na moja, jengo la Seri Camar, Port Dickson?

KHAIRIL: Waalaikumu salamu. Ndiye mimi. Lakini namba hii siijui—

ROSNITA: Huijui kwa sababu ni ya mume wangu. Yangu unaijua sana. Nimekupigia mara sita, imeita mpaka ikachoka yenyewe. Ni Rosnita, wa Kajang. Mgeni wako wa leo na kesho.

KHAIRIL: Ah, dada Rosnita! Karibuni, karibuni sana. Mmefika salama? Mimi niko huku Kuala Lumpur, nilikuwa kwenye kikao—

ROSNITA: Tumefika saa tisa. Sasa hivi inakaribia saa kumi na moja, na bado nimesimama. Unajua kwa nini nimesimama?

KHAIRIL: Kwa nini, dada?

ROSNITA: Sijaona mahali pa kukaa pasiponata.

KHAIRIL: Aa, hiyo ni hewa ya bahari. Fleti za pwani ndivyo zilivyo, dada. Chumvi, unyevunyevu—

ROSNITA: Chumvi haina nywele! Bafuni nimechokoa tundu la maji kwa kijiti. Nikavuta. Linakuja. Navuta, bado linakuja. Fundo la nywele kubwa kama panya, na utelezi wake. Mume wangu ametapika, na yule ni muuza samaki, Bwana Khairil. Miaka kumi na minane anatumbua samaki sokoni, hajawahi kutapika.

KHAIRIL: Pole sana. Pole kwa shemeji. Nitamwambia mtu wa usafi—

ROSNITA: Huyo mtu wa usafi ana macho? Maana ile sufuria ya umeme ya wali nimefunua kifuniko, nikakuta mende wamejipanga mle ndani kama wanangoja kupakuliwa. Shuka zina mchanga. Foronya ina doa, sitaki hata kujua ni doa la nini. Rimoti ya tivii nimeishika, ikabaki mkononi bila kuishika!

KHAIRIL: Ni mtu... ni mtu mzima kidogo, yule wa usafi. Macho yake si mazuri.

ROSNITA: Basi ajiri mwenye macho! Na ile bahari ya kwenye picha iko wapi?

KHAIRIL: Ipo. Ukitoka roshani, ukageuka kushoto kidogo, ukainama—

ROSNITA: Nimetoka, nimegeuka, nimeinama. Nimeona ukuta wa jirani na chupi za watu zimeanikwa. Bahari ameiona binti yangu peke yake, na ilibidi apande juu ya choo.

KHAIRIL: Lakini bwawa la kuogelea—

ROSNITA: Usinitajie bwawa. Lina rangi ya mchicha uliochemka, na katikati inaelea nepi. Imevimba. Watoto wameitazama, wakanitazama mimi, tukarudi juu. Kwa ngazi, maana lifti yenu nayo imekufa.

KHAIRIL: Dada, hayo ya bwawa na lifti ni ya uongozi wa jengo. Mimi ni fleti tu. Na kusema kweli hakuna mgeni aliyewahi kulalamika hivi. Nina nyota nne na nusu pale mtandaoni. Nne na nusu!

ROSNITA: Wamekupa za huruma. Sikiliza. Mume wangu hajapata Jumamosi ya kupumzika miaka minne. Minne! Nimepika wali wa nazi usiku wa manane, nimekaanga dagaa, nimefunga na mayai, tuje tukae kama watu. Sasa chakula kiko kwenye gari kwa sababu sithubutu kukiweka juu ya meza yako.

KHAIRIL: Nimekuelewa. Nimekuelewa kabisa. Tufanye hivi—

ROSNITA: Sijamaliza. Kuna harufu.

[Mtandao unakwaruza.]

KHAIRIL: Haloo? Unakatika. Kuna nini?

ROSNITA: Harufu! Nimeifuata kama paka. Friji, siyo. Sinki, siyo. Inatoka nyuma ya jiko. Kuna kimlango kidogo cha bluu hapo.

KHAIRIL: Hiyo ni stoo.

ROSNITA: Stoo ya nini?

KHAIRIL: Ya mwenye nyumba. Vitu vyangu binafsi. Soma masharti, namba saba: wageni wasiguse. Kila fleti ya kukodi ina stoo ya hivyo, dada, uliza popote hapo ufukweni.

ROSNITA: Najua, sikuja kuiba masanduku yako. Lakini kuna kitu kimekufa humu.

KHAIRIL: Hakuna kilichokufa! Ni... ni dagaa. Nilihifadhi dagaa wakavu.

ROSNITA: Bwana we, dagaa mimi nalala nao. Hii siyo harufu ya dagaa. Hii ni kama ya wodini, asubuhi kabla hawajapiga deki. Ni harufu ya— ngoja.

KHAIRIL: Ya nini?

ROSNITA: Nyamaza kidogo.

KHAIRIL: Dada? Haloo? Dada Rosnita?

ROSNITA: Stoo yako imekohoa.

KHAIRIL: Ni jirani. Kuta za pale ni karatasi tupu, mtu akipiga chafya ghorofa ya tisa—

ROSNITA: Imekohoa tena. Na sasa inajizuia. Mtu amejiziba mdomo, nasikia anavyosongwa.

KHAIRIL: Sikiliza, dada. Ondokeni tu. Nitawatafutia hoteli, sasa hivi, hoteli nzuri kabisa iko hapo hapo njiani, bahari mnaiona mkiwa kitandani—

ROSNITA: Na kuna kufuli mlangoni.

KHAIRIL: Halijafungwa! Limening'inizwa tu, la kuonyesha wageni. Komeo liko ndani. Sijamfungia, wallahi mimi sijamfungia, anaweza kutoka wakati wowote anao—

ROSNITA: Nani? Bwana Khairil. Nani anaweza kutoka?

KHAIRIL: Usifungue. Nakuomba.

ROSNITA: [mbali na simu] Jefri! Njoo hapa. Waambie watoto wakae huko huko, wasije. ... Hodi. Hodi humu ndani. Tunaomba radhi, sisi ni wageni tu, hatuna ubaya. Hodi.

KHAIRIL: Dada, kuna mambo ya kifamilia, huyajui, usiyaingilie... Dada! Unanisikia?

ROSNITA: [mbali na simu] Shikamoo. ... Shikamoo, mama. ... Hapana, hapana, usirudi ndani. Polepole. Jefri, mshike mkono wa huku. ... Ya Rabi.

KHAIRIL: Haloo?

[Mtandao unakwaruza.]

ROSNITA: Anasema anaitwa Kalsom.

KHAIRIL: Ni mama yangu.

ROSNITA: Najua. Ana pua yako, ile ya kwenye picha yako ya mtandaoni, pale ulipoandika "mwenyeji wenu mkarimu".

KHAIRIL: Dada, usinihukumu haraka. Ni siku mbili tu. Ijumaa mpaka Jumapili. Siku nyingine zote nyumba ni yake, analala chumba kikubwa, anatazama tivii, anafanya anavyotaka.

ROSNITA: Ijumaa? Sisi tumefika leo.

KHAIRIL: Kulikuwa na... jana kulikuwa na wageni wengine. Wameondoka asubuhi.

ROSNITA: Kwa hiyo yumo humu tangu jana.

KHAIRIL: Ana chakula! Namwachia biskuti, chai kwenye chupa, feni ipo. Redio ipo.

ROSNITA: Redio naiona. Ina nyaya za masikioni, isisikike. Chai imeisha. Biskuti zimelainika, chungu wamezimaliza. Dirisha linatazama shimo la mabomba. Na ndoo, Bwana Khairil. Umemwekea ndoo. Ina mfuniko wa sufuria.

KHAIRIL: Kwa sababu choo kiko upande wa wageni—

ROSNITA: Choo kiko hatua sita! Nimezihesabu! Hatua sita, na mtu wa umri huu, miguu imevimba kama mikate, anachuchumaa kwenye ndoo gizani asije akamkera mgeni! Mimi ndiye mgeni! Nilikuwa hapa natukana kwa sauti kuhusu nywele!

KHAIRIL: Yeye mwenyewe alikubali.

ROSNITA: Alikubali.

KHAIRIL: Muulize! Mwanzo tulikuwa tunampeleka kwa dada yangu, mji wa Ipoh, wakagombana. Nikampeleka kwa jirani, jirani akahama. Akasema mwenyewe, mimi nitakaa tu pale nyuma, mwanangu, sina shida. Maneno yake hayo. Hataki kuondoka pale. Fleti ile marehemu baba aliinunua kwa kiinua mgongo chake, alikuwa fundi wa reli, mama hataki kuiacha—

ROSNITA: Kwa hiyo ni ya kwake.

KHAIRIL: Ni ya familia.

ROSNITA: Ni ya kwake. Na wewe umemfanya stoo. Ngoja, anasema kitu. ... Nini, mama? ... Hapana, usiseme hivyo. Mama, hapana, tafadhali. ... Bwana Khairil, unajua ananiambia nini?

KHAIRIL: Nini?

ROSNITA: Ananiomba radhi. Kwa nywele za bafuni. Anasema alipiga magoti akasugua asubuhi, wale wa jana walipotoka, lakini macho yana mtoto wa jicho, akadhani pameng'aa.

KHAIRIL: Anapenda kujishughulisha. Wazee wakikaa bure—

ROSNITA: Ndiye huyo mtu wako wa usafi.

KHAIRIL: Sikumlazimisha.

ROSNITA: Na mimi nimekaa hapa nauliza kama ana macho. Amenisikia. Ukuta huu huu wa karatasi. Astaghfirullah. Miaka mingapi?

KHAIRIL: Si mingi.

ROSNITA: Mingapi?

KHAIRIL: Miwili. Na kidogo.

ROSNITA: Kila wiki. Na watu wanakula, wanacheka, wanaimba nyimbo za tivii hapa sebuleni. Na yeye amebana kikohozi kwa kanga yake.

KHAIRIL: Utaandika?

ROSNITA: Niandike nini?

KHAIRIL: Pale mtandaoni. Nakuuliza tu, kwa sababu mke wangu... wakwe zangu hawajui. Wanadhani mama anaishi Ipoh. Nikimaliza madeni ya duka, nilikuwa nataka kuacha. Naapa. Mwaka huu nilikuwa naacha.

ROSNITA: Unaniuliza habari ya nyota.

KHAIRIL: Sikusema nyota—

ROSNITA: Hujauliza kama anaumwa. Umesikia nimekwambia amekohoa, na hujauliza! Kinyaa nilichokuwa nacho cha mende, unajua, kimeisha chote. Nimewasamehe mende. Wale wamelelewa humo, hawajui jingine.

[Mtandao unakwaruza.]

KHAIRIL: ...anaumwa?

ROSNITA: Ana homa. Nimemshika shingo, inachoma. Jefri atakwenda kuuliza kwa mlinzi kliniki iko wapi. Na unajua amefanya nini kwanza? Mume wangu, yule aliyetapishwa na fundo la nywele? Ameibeba ile ndoo kwa mikono miwili, akaenda kuimwaga, akaisuuza, hakusema neno. Sasa hivi anasugua mikono, na analia. Sijawahi kumwona huyu mtu akilia, hata siku ya msiba wa mama yake.

KHAIRIL: Msimpeleke kliniki mkamwaga mambo yote—

ROSNITA: Nitayamwaga mpaka yafike baharini. Kliniki wataniuliza amekutwa wapi, nami sitasema Ipoh.

KHAIRIL: Dada, una watoto. Fikiria—

ROSNITA: Ninao, wawili. Mkubwa amempangusa uso, mdogo ameleta wali kutoka kwenye gari. Mama amekaa mezani, Bwana Khairil. Ile meza niliyoikataa. Tumeipangusa kwa shati la Jefri. Anakula yai. Analitafuna taratibu, anatazama mlango, kama kuna mtu atakayekuja kumnyang'anya.

KHAIRIL: Naomba niongee naye.

ROSNITA: Nimuulize. ... Mama, ni Khairil. Unataka? Si lazima. ... Haya. Shika hapa, sikio hili.

BI KALSOM: Khairil?

KHAIRIL: Mama.

BI KALSOM: Nilikaa kimya, mwanangu. Ni kikohozi tu. Tangu jana kimeniganda kifuani, nikakimeza, nikakimeza—

KHAIRIL: Najua, mama. Usijali.

BI KALSOM: Usimgombeze huyu binti. Hakufungua yeye. Nimefungua mimi.

KHAIRIL: Wewe? Si tulikubaliana, mama? Si tulisema?

BI KALSOM: Alipiga hodi.

KHAIRIL: Kwa hiyo?

BI KALSOM: Miaka yote hii wanakuja, wanatikisa kitasa, wanaacha. Yeye alipiga hodi, akangoja. Sikujua nifanye nini tena, nikafungua.

KHAIRIL: Mama, nakuja. Natoka ofisini sasa hivi. Nikikuta barabara nyeupe, saa moja nitakuwa hapo, nikuchukue—

BI KALSOM: Unipeleke wapi?

[Kimya.]

BI KALSOM: Khairil? Unanisikia?

KHAIRIL: Nakusikia.

BI KALSOM: Umekula?

KHAIRIL: Bado, mama.

BI KALSOM: Kula. Na usije leo. Leo nina wageni.

KHAIRIL: Mama, ngoja. Mama, usimpe simu—

ROSNITA: Amenipa. Anataka kwenda kunawa mikono, kwa miguu yake, chooni. Natembea naye. Salio la Jefri linakwisha, limeshalia mara mbili. Umesikia alivyosema: leo, hapana.

KHAIRIL: Basi kesho. Kesho asubuhi. Dada, mwambie—

ROSNITA: Utamwambia mwenyewe. Ukija, piga hodi. Haya, kwa—