Nakunda Mrutu, Aliyetetea Sufuria za Wakopaji

Marehemu Nakunda Sifael Mrutu alizaliwa Chome, wilaya ya Same, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa Mzee Sifael Mbwambo. Wa kwanza ni mimi, Esta, ninayesoma wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Chome, kisha sekondari Moshi. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu nilimshinda. Siku anaondoka, baba alimnunulia viatu vyeusi vya kamba. Mimi viatu vya dukani nilivivaa mara ya kwanza siku ya ndoa yangu.

Aliajiriwa ofisi ya maendeleo ya jamii, Same, akastaafu mwaka 2018. Alifunga ndoa na Bwana Anderson Mrutu tarehe 6 Desemba 1986. Keki niliikata mimi, ingawa kwenye picha hamnioni.

Mnaomfahamu mnamfahamu kwa kuwatetea wakopaji wa ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu. Mwaka 2021, kule Mhezi, mawakala wa mkopeshaji walimwaga makande ya mjane chini, wakaondoka na sufuria. Nakunda akaja kwangu analia. Nilikuwa napukuchua maharage.

Nikamwambia, "Hata kwenye msaragambo wa kijiji, asiyekuja kwenye kazi ya pamoja tunamchukulia jembe, na akifanya kazi yake tunamrudishia. Chungu cha kupikia hatujawahi kukigusa. Hao wamelelewa wapi?"

Akaondoka hata chai hakunywa.

Mwezi uliofuata nikasikia redioni, kutoka mkutano wa wakubwa Dodoma, maneno yangu kwa sauti ya mdogo wangu. Jembe, chungu, yote. Wakampigia makofi. Waandishi wakapanda mpaka hapa kumhoji. Mimi nikaulizwa kama kuna maji ya kunawa.

Kazi aliifanya, siwezi kusema uongo mbele ya jeneza. Alitaka mkataba uwe wa Kiswahili na mkopaji asomewe kabla hajaweka dole gumba. Alitaka riba na makato yote yatajwe siku ya kwanza, na vyombo vya kupikia visichukuliwe. Aliwauliza wakubwa mtu atalipaje mkopo wakati unga na mafuta vinapanda kila wiki. Mengine bado yako mezani kwao. Sufuria za Mhezi zilirudi, na yule mjane amepika chakula mtakachokula leo.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Same, kisha Moshi, akaomba arudishwe nyumbani. Nilikuwa namwogesha, jioni moja akasema, "Dada, ile ya jembe na chungu ilikuwa yako."

"Najua. Dodoma ndio hawajui."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wasifu wangu uandike wewe. Siku hiyo watu wote watakuwa wamekaa, na mimi sitaweza kukukatiza."

"Utapata njia," nikamwambia.

Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025. Ameacha mume, Bwana Anderson, watoto wawili, Jackson na Beatrice, wajukuu watano, na dada mmoja, ambaye hana tena wa kushindana naye.

Nakunda, watu wote wamekaa. Wananisikiliza. Nimewaambia ya kwangu, na ya kwako nimeyasema yote.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Hata leo wamekuja kukutazama wewe.