Inobat Yuldasheva, Mwoka Mikate wa Qoratepa, na Mkate Alioutunza

Marehemu Inobat alizaliwa tarehe 3 Machi 1987 katika kijiji hiki cha Qoratepa, Bonde la Fergana, mtoto wa pili wa marehemu mzee Yuldash na mama Salomat. Alisoma Shule Namba 14 hadi darasa la tisa. Hesabu zilimpenda, yeye akapenda tanuri. Tangu mwaka 2003 alioka mikate na kuiuza sokoni, na ua alilopiga muhuri katikati ya kila mkate lilijulikana hadi ng'ambo ya mto.

Mumewe, Sobirjon, alimjua kwa njaa. Alinunua mikate mara tatu kwa siku hadi Inobat akamuuliza, "Kaka, nyumbani kwenu mnafuga nini?" Walioana tarehe 12 Septemba 2009, wakajaliwa watoto watatu. Uzazi wa mwisho, mwaka 2017, uliudhuru moyo wake, na daktari akasema wazi kwamba mimba nyingine ingemuua. Tangu hapo nesi Dilnoza alimchoma sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu katika zahanati ya kijiji, bila malipo.

Uchaguzi wa mwaka jana ulipokaribia, mgombea mmoja (hatumtaji, hapa ni msibani) alikuja uani hapa hapa, akaahidi kwamba sindano hizo hazitaguswa. Inobat akampa mkate wa moto aung'ate, kama tunavyowafanyia wanaokwenda safari, ili umngoje hadi arudi aumalize.

"Na ukikauka je, dada?"

"Ujue umechelewa, kaka."

Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe wake hakucheka. "Meno mazuri," alisema. "Ulimi ndio siujui."

Inobat alimwamini. Alipita nyumba kwa nyumba akimwombea kura, kila kilima kikimkata pumzi. Mgombea na chama chake wakashinda. Siku ya kumi na tisa baada ya kiapo, serikali mpya ikaamuru dawa za kupanga uzazi ziondolewe kwenye zahanati za vijiji. Zingepatikana hospitali ya mkoa tu, na mume afike mwenyewe kuridhia. Sobirjon alikuwa Urusi akijenga maghorofa. Aliporudi Agosti walikwenda pamoja, wakapewa tarehe ya Oktoba. Oktoba ilimkuta ana mimba. Amri ile ile ilitaka jopo maalumu liidhinishe kutoa mimba, hata kwa mgonjwa, na jopo lenyewe lilikuwa halijateuliwa. Inobat alimwandikia mheshimiwa yule yule aliyeung'ata mkate barua tatu. "Labda haijamfikia," alimwambia Dilnoza baada ya ile ya kwanza. Baada ya ile ya tatu alirudi kwenye tanuri. Moyo wake ulisimama tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, mikononi mwa nesi mwenye kabati tupu.

Ndugu zetu, tumesalitiwa. Maneno mengine yote ni adabu tu.

Ameacha mume, watoto Zilola, Javohir na Nafisa, mama yake mzazi na mama mkwe. Leo asubuhi dereva ameleta shada la maua lenye jina la mheshimiwa. Tumelipokea, hatufukuzi wageni. Ila tumemwonyesha dereva ule mkate mkavu, bado umetundikwa ukutani juu ya tanuri ukiwa na alama za meno ya mheshimiwa. Amwambie bosi wake kwamba hatutautupa wala hatutawapa kuku. Aje aumalize.

Apumzike Inobat. Yeye hakumdanganya mtu.